Eda Kwenye Nyumba Inayosogea

Friji lilikuwa koridoni. Shekivuli aliliona mara tu lifti ilipofunguka ghorofa ya tisa: friji jeupe lililochomekwa kwenye soketi ya wafanya usafi, na juu yake jiko la gesi, sufuria mbili na picha ya harusi. Alisimama akaliangalia kwa muda. Hakuwa ameshangaa, kwani kazi ya kupima kaya ilikwisha kummalizia mshangao wote. Magoti yalikuwa yakimuuma na alihitaji kisingizio cha kusimama.

"Karibu, mzee," sauti ya kiume ilitoka nyuma ya friji. "Hapo ndipo sebuleni kwetu. Kaa popote."

Aliyesema alikuwa Lusekelo, mpangaji wa nyumba namba kumi, fundi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, bado kavaa ovaroli ya kazi. Pembeni yake, kwenye kiti pekee, alikaa mkewe Nyamizi, mimba yake ya miezi saba imemfika magotini.

"Shikamoo," Nyamizi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeletwa na ofisi. Naweza kuona ndani?"

"Ingia kama utaenea," Lusekelo akamjibu. "Mimi huingia ubavu."

Shekivuli akaingia ubavu. Ndani palibaki kitanda, na kati ya kitanda na ukuta palibaki nafasi ya kupitisha mguu mmoja. Ukuta wenyewe ulikuwa safi, wa rangi ya maziwa, kama vile umekuwepo hapo siku zote. Lakini kwenye sakafu, ukitazama vizuri, ungeona reli mbili nyembamba zikipita chini yake na kupotelea upande wa pili, kwa jirani, ambako wiki mbili zilizopita palikuwa na sebule ya Lusekelo na Nyamizi.

Jengo hilo la Kange lilijengwa na Shirika la Makazi ya Pamoja katika miaka ambayo watu wa Tanga bado walikuwa wakizaa. Wachora ramani waliweka vyumba vitatu vya kulala katika kila nyumba. Kabla wapangaji wa kwanza hawajazeeka, wenye kupanga walikuwa wameshabadilika. Vijana waliacha kuoa mapema, na waliooa walizaa mmoja wakanyamaza. Wengi waliachana. Wazee nao wakawa wanaishi karibu miaka mia, watoto wao wametawanyika dunia nzima, na nyumba ya vyumba vitatu ikawa na mtu mmoja anayelala kimoja na kufuta vumbi viwili. Nje, foleni ya wanaotafuta chumba cha mtu mmoja ilikuwa ndefu kuliko ya kitu chochote kingine mjini. Kubomoa na kujenga upya kulichukua miaka saba, na katika miaka saba watu walikuwa wameshabadilika tena. Ndipo Shirika lilipoacha kuwakimbilia watu kwa majengo mapya, likaweka kuta kwenye reli.

Akili ya kuta hizo iliitwa Mgao. Darini mwa kila chumba kulikuwa na vihisi vilivyohesabu pumzi za wanaolala. Mgao ulijumlisha pumzi hizo, ukalinganisha na hesabu za mji mzima, ukakadiria nani ataongezeka na nani atapungua, kisha ukasogeza ukuta wakati chumba hakina mtu. Ukikuta mtu njiani, ulisimama. Kuhusu hilo ulikuwa mwangalifu sana.

Wahandisi wake walifikiria karibu kila kitu. Walifikiria wageni wa sikukuu, wakaufundisha usimhesabu anayelala usiku mmoja au miwili. Hawakufikiria matanga.

Mume wa nyumba namba kumi na moja alipofariki, wanawake wa ukoo na wa msikitini walikuja kulala na mjane, wamejaa kwenye mikeka chumba hadi chumba, usiku baada ya usiku. Mgao haukuwa umeona kaya ya watu zaidi ya wanne kwa muda mrefu. Ulifanya kile ulichoundwa kufanya. Asubuhi ya siku ya tano, Lusekelo akiwa kazini na Nyamizi kliniki, ukuta uliondoka taratibu, ukasukuma makochi yao hadi mlangoni, ukawapa waombolezaji sebule nzima ya jirani. Siku ya saba matanga yakaanuliwa, wanawake wakakunja mikeka na kwenda zao.

"Basi urudi!" Lusekelo alisema, akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Hesabu imerudi kuwa mtu mmoja, ukuta urudi. Huu mtambo wenu unajua kwenda tu?"

"Unataka kurudi," Shekivuli alisema. "Unasikia?"

Ndani ya ukuta palisikika mvumo, kama wa mashine ya kufulia inayoanza. Ukuta ulitetemeka, ukasogea kiasi cha upana wa kidole, ukakoma. Kisha ukarudi pale pale.

"Kutwa hivyo," Nyamizi alisema kwa uchovu. "Mtoto humu tumboni ameshauzoea. Ukivuma, anageuka."

"Kuna mtu kwenye njia yake," Shekivuli akasema.

"Tunajua kuna mtu," Lusekelo akajibu. "Ndiyo maana umeitwa."

*

Mlango wa namba kumi na moja ulikuwa wazi, na hatua chache ndani yake palining'inizwa pazia zito la kijani.

"Hodi."

"Karibu, baba. Ishia hapo kwenye pazia."

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, iliyotulia, yenye mikwaruzo kidogo ya mtu aliyelia akamaliza. Shekivuli alijitambulisha, akampa pole ya msiba. Naye Bi Mwanakombo akapokea, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, akamuuliza kama amepanda kwa ngazi au kwa lifti, na yote hayo kutoka nyuma ya pazia.

"Nimetumwa kuona chumba, Bi Mwanakombo."

"Nami nimo kwenye eda, baba. Huwezi kuingia."

Shekivuli alijua. Mama yake mwenyewe alikaa eda miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba aliyoishi na mumewe, katika nguo nyeupe, bila kuonwa na mwanamume wa kando. Lakini amri ya kupima ilisema mpimaji aone kwa macho yake, na katika kazi yake yote Shekivuli hakuwahi kuandika kipimo asichokiona. Wenzake walimcheka kwa hilo. Aliyasoma mambo ya vipimo ujanani, usiku, baada ya kutwa ya kubeba zege, na hakukusudia kuyachezea.

"Huo ukuta ukivuma, wewe unakuwa wapi?"

"Nipo chumbani kwetu. Nalala hapo, naswali hapo. Unakuja, unanikuta, unasimama. Una adabu kuliko watu wa ofisini kwenu. Wao walinipigia simu kabla ya matanga kuanuliwa, wananiuliza chumba cha pili nakifanyia nini."

Amri ya Mgao ilikuwa moja na haikugawanyika. Ukuta ungerudisha sebule ya jirani na, kwa safari hiyo hiyo, ungechukua pia chumba cha kulala cha marehemu, kwani mtu mmoja alistahili chumba kimoja na jiko. Hapakuwa na namna ya kuuambia urudishe kimoja uache kingine.

Shekivuli alirudi koridoni. Akamtazama Nyamizi kwa muda, halafu akatoa mfukoni kipimo chake cha mwanga, kile cha kupimia urefu wa vyumba.

"Mwanangu, unaweza kunisaidia? Mimi siruhusiwi kuingia. Wewe unaruhusiwa. Unaelekeza hapa, unabonyeza hapa, unanisomea namba kwa sauti."

"Mzee!" Lusekelo akacheka, cheko kavu. "Unamtuma fisi akapime bucha?"

"Nyamaza wewe," Nyamizi alimwambia mumewe. Akainuka kwa kushika friji, akapita pazia.

Wanaume wawili wakabaki koridoni. Walisikia salamu. Wakasikia Nyamizi akiombwa akae, akikataa, kisha kiti kikiburutwa. Halafu maneno yakashuka chini, wasiweze kuyafuata. Ukuta ulivuma mara moja, ukatulia. Lusekelo akatoa karanga mfukoni akampa Shekivuli nusu, bila kumwangalia.

Nyamizi alipotoka, kipimo kilikuwa mkononi mwake lakini alikuwa hajasoma namba yoyote.

"Sijapima."

"Kwa nini?"

"Ameniambia nipime kwa raha, kile chumba ni changu." Nyamizi alikaa chini, akapangusa jasho shingoni. "Amenionyesha pa kuweka kitanda cha mtoto. Anasema nisikiweke chini ya dirisha, pale mvua ya kusi inapenya, marehemu aliziba mara mbili ikashindikana. Hang'ang'anii chumba. Anaomba muda wake uishe tu, basi."

"Muda wake unaisha lini?" Lusekelo aliuliza.

"Mwezi wa kumi na moja."

"Na wewe unajifungua lini?"

Wote watatu walijua: mwezi wa tisa.

*

"Sukuma," Meneja Kihiyo alisema kwenye simu. Alikuwa mwanamke mwepesi wa maneno, mdogo kwa Shekivuli kwa miaka thelathini, na daima alimwita mzee. "Mzee wangu, mbona unanipigia kwa jambo dogo? Amri ya kusukuma ipo. Nakutumia askari wawili wa kike, wanamtoa kwa heshima, wanamkalisha upande wa jikoni, ukuta unapita, wanaondoka. Si bado yumo ndani ya nyumba yake?"

"Chumba alichokaa na mumewe kitakuwa kwa watu wengine. Atakuwa ametolewa."

"Na huyo mjamzito alale kwenye friji?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Angekuwapo mwovu mmoja katika ghorofa ya tisa, kazi ingekwisha asubuhi ile. Shekivuli alikuwa ameshatoa amri ya kusukuma kwa watu wengine huko nyuma, wazee waliong'ang'ania vyumba vya watoto waliohamia Muscat na Kigali, na kila mara alijiambia kwamba nje kuna mtu anayesubiri. Ilikuwa kweli. Alirudi nyumbani kila mara akashindwa kula.

"Nipe hadi jioni," alisema.

"Jioni. Lakini mzee, pumzika. Sauti yako imekwisha."

Alikaa juu ya ndoo ya Lusekelo, kishikwambi magotini, akafungua kanuni za Mgao, zile kurasa ambazo wapimaji vijana hawakuzisoma. Alipopata alichokitafuta, alisimama, akawaita Lusekelo na Nyamizi waje mlangoni mwa namba kumi na moja, akajongea pazia.

"Bi Mwanakombo, jirani zako wako hapa. Nataka nyote mnisikie kwa pamoja."

"Tunasikia, baba."

"Kuna njia inaitwa muungano wa kaya. Ilitungwa kwa ajili ya watu wanaooana wakiwa na nyumba mbili, au watoto wanaorudi kwa wazazi. Siku hizi haitumiki. Nikiiandika, Mgao unauondoa ukuta kati yenu na hauweki mwingine. Vyumba vyenu vinabaki vyote. Unahesabu watu watatu, wa nne yuko njiani, na mama yake Nyamizi akija, watano. Kaya ya watu watano hauigusi. Utaogopa hata kuipumulia."

"Haya!" Lusekelo alisema. "Kwa nini hukusema tangu asubuhi?"

"Kwa sababu kaya moja ina mkuu mmoja, na mkuu simchagui mimi. Mgao unachagua anayekadiriwa kukaa miaka mingi zaidi." Akageukia pazia. "Utakuwa Lusekelo, Bi Mwanakombo. Wewe utaandikwa mtegemezi, asiye ndugu. Mkataba wako wa pango unafutwa."

"Na jina la marehemu?"

"Lilikuwa kwenye mkataba huo huo. Linafutwa nalo."

Nyamizi alitazama sakafu.

"Nikuambie na lililo baya zaidi," Shekivuli aliendelea. Hakutaka kulisema, na alijua akilisema huenda Bi Mwanakombo akakataa, naye jioni atalazimika kumpigia Kihiyo atume askari. "Kaya zenye mtoto mchanga ni chache mno sasa. Serikali imewajengea majengo Pongwe, na Mgao huwaita. Wakiitwa, wanahama. Wakihama, hii nyumba inagawanywa vyumba vya mtu mmoja mmoja, na wewe huna jina humu. Mkuu wa kaya akitaka, anakwenda nawe. Asipotaka, sina sheria ya kumlazimisha."

"Wataitwa lini?"

"Sijui. Baada ya mwaka, pengine."

"Baada ya eda yangu?"

"Kwa kawaida, baada."

"Basi mbona unasema kama unanizika?" Bi Mwanakombo alisema, na kwa mara ya kwanza palikuwa na kicheko kidogo katika sauti yake. "Nimekuomba eda, baba. Nyumba sijakuomba. Lakini nina swali. Ukuta ukiondoka, upande wao unakuwa ndani ya nyumba yangu, au mimi nakuwa ndani ya yao?"

Shekivuli alifikiri. "Kwa Mgao, ni nyumba moja."

"Nimefahamu. Leta hicho kitu chako niweke kidole."

Kishikwambi kilipitishwa chini ya pazia, kikarudi. Lusekelo alikishika, akakitazama, akamtazama mkewe.

"Nami sasa nitakuwa na mama mkwe wawili," alisema. "Mmoja Tabora, mmoja nyuma ya pazia. Mzee, hiki kidole changu naweza kukirudisha baadaye?"

"Hapana."

"Nilijua." Akaweka.

*

Ukuta uliondoka alasiri ile ile. Palipokuwa na ukuta pakabaki reli mbili tupu, na Bi Mwanakombo akasogeza pazia lake la kijani, akalitundika juu ya reli hizo. Friji likarudi ndani.

Shekivuli aliendelea na kazi zake katika majengo mengine, Kange na Duga na Makorora. Habari za ghorofa ya tisa alizipata kwa vipande, kwa simu za Lusekelo, ambaye alimpigia kulalamika. Alilalamika kwamba bibi anaamka kuswali na kumwamsha. Alilalamika kwamba sasa anaulizwa anakokwenda. Kwamba Nyamizi na yule bibi wanazungumza kupitia pazia kutwa nzima na yeye akiingia wananyamaza. Shekivuli alisikiliza, akajibu "pole," akalala.

Mwezi wa tisa simu ilikuja mchana, na Lusekelo hakulalamika.

Uchungu ulikuwa umemshika Nyamizi wiki mbili kabla ya siku yake, mumewe yuko kazini baharini, mama yake bado yuko kwenye treni kutoka Tabora. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani. Majirani walijaa mlangoni na hakuna aliyejua la kufanya, maana katika ghorofa nzima, watu zaidi ya thelathini, hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuona mtoto akizaliwa. Watu hawazaliwi tena majumbani, na hata hospitali huzaliwa wachache. Aliyejua alikuwa mmoja tu, aliyezaa wanne zamani, na huyo hakuruhusiwa kutoka nyumbani kwake.

Bi Mwanakombo aliwaambia wanaume wote waondoke mlangoni na wafunge. Kisha akapita chini ya pazia, akavuka reli kwa miguu mitupu, akaingia upande wa pili wa nyumba yake.

"Wa kike," Lusekelo alisema hatimaye. "Wazima wote wawili. Mzee, yule mama alikata kitovu. Wauguzi walipofika walikuta mtoto ameshaogeshwa."

"Hongera, mwanangu."

"Nikauliza, si uko kwenye eda, umetokaje? Akaniambia, nimetoka wapi?"

*

Mwito wa Pongwe ulikuja mwezi mmoja baadaye.

Ulikuja mapema kuliko Shekivuli alivyokadiria, kwa kuwa mwaka ule watoto walizaliwa wachache kuliko makadirio yote, na Mgao ulikuwa na nyumba nyingi mpya za familia zisizo na familia za kuzikaa. Nyumba ya vyumba vinne, bustani chini, shule ndani ya ua. Kaya ihamie ndani ya siku saba. Ikikataa, inafutwa kwenye orodha, na hakuna aliyefutwa akawahi kuitwa tena.

Bi Mwanakombo alikuwa amebakiza wiki mbili na kitu.

Shekivuli alipanda kuchukua jibu mwenyewe, ingawa angeweza kupiga simu. Alimkuta Lusekelo amesimama katikati ya sebule, kavaa shati safi. Nyamizi alikuwa kitandani na mtoto kifuani, na mama yake, mwanamke mnene aliyefika Tanga akiwa amechelewa na hajajisamehe, alikuwa akichochea uji.

"Vyumba vinne," Lusekelo alisema badala ya salamu. "Nimeona picha. Kuna mti."

"Nimeuona."

"Nimesubiri tangu nioe. Unajua hilo?"

"Najua."

Lusekelo alitembea hadi kwenye pazia. "Mama," alisema, na Shekivuli alitambua kwamba hakusema Bi. "Zile siku zilizobaki, huwezi kuzikaa kule? Nitakubeba mwenyewe, umefunikwa, hakuna atakayekuona. Nitakuwekea chumba chako."

"Siwezi, mwanangu. Ningependa. Lakini nendeni, msinitazame mimi. Nimeshakaa siku nyingi kuliko nilizobakiza, na Mungu anaona nani kaja kunitoa na nani hakuja. Ukuta ukija nitaupisha. Sina hasira na mtu."

"Na utakwenda wapi?"

"Hilo si lako."

Mama yake Nyamizi akaacha kuchochea. "Baba Salome," alimwambia mkwewe, "mtoto hata arobaini yake haijatimia. Hakuna mzazi anayehamishwa na mtoto mbichi namna hii. Nyumba ina mti, sawa, mti utakimbia?"

"Nyumba itakimbia, mama! Ndiyo habari yenyewe!"

Mtoto akaamka akalia. Lusekelo akaushika uso wake kwa mikono miwili, mikono mikubwa ya fundi, akakaa hivyo hadi mtoto aliponyamazishwa. Alipoitoa mikono, alionekana mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo.

"Andika hatuendi," alisema.

Nyamizi alifumba macho. Mkono wake ulinyooka ukashika kiuno cha shati la mumewe, ukabaki hapo.

Shekivuli akafungua kishikwambi. Mgao uliuliza sababu ya kukataa, ukampa za kuchagua: kazi, ugonjwa, ugomvi, kifo, nyingine. Kidole chake kilikwenda kwenye nyingine, ambako ndiko ukweli ulikuwa, kikasimama juu yake. Alikuwa amechoka. Alifikiria wahandisi wasiojua matanga, na jioni zote alizoshindwa kula. Kisha akabonyeza kifo.

Maandishi yakabadilika. Kaya iliyofiwa hushikiliwa nafasi yake siku tisini.

"Umeandika nini?" Lusekelo aliuliza, akiinama kutazama.

"Kifo."

"Hakuna aliyekufa kwetu."

"Yupo aliyekufa humu."

"Kabla ya sisi kuungana. Mzee, huo ni uongo. Watakufukuza."

"Wanaweza," Shekivuli alisema. "Sasa Mgao unaniuliza marehemu alikuwa nani kwa mkuu wa kaya. Hapo siwezi kukujibia."

Lusekelo alisoma swali kwenye kioo. Akalisoma tena.

"Andika baba," alisema.

Shekivuli akaandika. Mgao ukafikiri kidogo, ukatambua kwamba hesabu haikai sawa, ukauliza kama mtegemezi Mwanakombo, asiye ndugu, abadilishwe kuwa mama wa mkuu wa kaya. Shekivuli akamwonyesha Lusekelo. Lusekelo akatikisa kichwa kukubali, haraka, kama mtu anayetaka jambo lipite kabla hajaonekana. Kisha likaja swali la mwisho.

"Jina kamili la marehemu," Shekivuli akasoma kwa sauti.

Lusekelo akafungua kinywa. Alikuwa ameishi ukuta kwa ukuta na mtu yule miaka mitatu, wakasalimiana kwenye lifti, na baada yake akaishi miezi mitatu na mjane wake. Akafunga kinywa. Akaenda hadi kwenye pazia, akachuchumaa, kwa kuwa aliona vidole vya miguu ya Bi Mwanakombo chini yake, amesogea karibu kusikia.

"Mama, mzee aliitwa nani?"

"Zahoro," alisema. "Zahoro bin Mbaruku."

Shekivuli akaandika herufi kwa herufi kwa kidole kimoja, akatuma. Kioo kikawa cheupe, hapakuwa na swali jingine.

Lusekelo hakuinuka. Aliketi sakafuni, mgongo wake kwenye ukingo wa pazia, miguu yake imelala juu ya reli.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" aliuliza.